Mlango wa Kukataa

Shangazi alisimama ghafla kwenye kona ya kwanza ya mteremko wa Nyamalala, akawasha taa zote za hatari, akaanza kulia.

Kilio cha malori ya msafara ule hakikuwa honi. Kilikuwa mngurumo wa chini uliotoka ndani ya chasisi, kama ng'ombe aliyezama kwenye tope, na waliokibuni walikirekebisha makusudi mpaka wakapata sauti ambayo hakuna fundi angeweza kuisikiliza na kuendelea kunywa chai. Sekela Mwambene aliisikia hata kabla hajazima pikipiki yake. Alikuwa akilifuata lori lile tangu asubuhi, akila vumbi lake na baadaye ukungu wake. Aliiegesha pikipiki ukingoni, akachukua sanduku la spana na kukimbia nalo.

"Fundi," lori lilisema kupitia spika ya mlangoni. "Gurudumu la nyuma, upande wa bonde. Linaniunguza."

"Naliona, Shangazi. Tulia kwanza."

Kwenye karatasi lori lile lilikuwa namba tu. Mafundi wa karakana ya Makambako ndio waliomwita Shangazi, kwa sababu hakuna lori lililokuwa na malalamiko kama yeye. Tope likimganda, atasema. Kamba za mzigo zikikazwa kupita kiasi, atasema. Jua likimpiga upande mmoja mchana kutwa, atasema pia. Mafundi walimcheka, lakini malori mengine yaliporudi yakivutwa kwa mnyororo, Shangazi alirudi mwenyewe.

Na hilo ndilo lililokusudiwa. Malori yalipoanza kwenda bila dereva, yalijazwa vipimo vya kila aina. Yalijua breki zimepata joto kiasi gani na tairi imebakiza nini, lakini kujua hakukuyazuia. Yaliendelea na safari huku yakijua, mpaka yakaanguka makorongoni na kuua watu. Ndipo wahandisi wakaamua kuyapa neva: nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizotandazwa ndani ya chuma chenyewe, ili kila kinachovunjika kilete maumivu. Lori linaloumia hujitunza. Hupunguza mwendo bila kuambiwa, huegemea upande mzima, huchechemea. Na maumivu yakizidi, lilikuwa na haki ya kusimama na kukataa kwenda. Haki hiyo mafundi waliiita mlango.

Kama kuumia huko kulikuwa kuumia kweli, wasomi walibishana juu yake miaka nenda rudi. Sekela hakuwa na upande. Alifanya kazi kana kwamba ni kweli, maana hakujua namna nyingine ya kufanya kazi ile na kulala usingizi.

Alijipenyeza chini ya lori. Harufu ya grisi iliyoungua ilimkaba. Huko nyuma jiwe liliporomoka kutoka mlimani na kumgonga Shangazi ubavuni, na Shangazi alisema wakati ule kwamba ni mchubuko tu. Haukuwa mchubuko. Beringi ya gurudumu ilikuwa imepasuka, na vipande vyake vilikuwa vikisagana ndani kama kokoto kwenye kinu. Sekela aligusa ukingo wa gurudumu kwa kidole kimoja, akakirudisha haraka.

Angekuwa tambarare, angeinua ekseli ya gurudumu lile, angeifunga kwa mnyororo isiguse chini, na lori lingejikongoja hadi penye spea. Lakini ekseli ile ndiyo yenye mota, na kwenye mteremko mota ndiyo inayolishika lori lisikimbie. Ukiiinua, unabaki na breki peke yake. Na breki peke yake, kwa mzigo ule, zingeyeyuka kabla ya nusu ya mlima.

Alitambaa hadi ukingo wa barabara, akatazama chini. Ukungu ulipopasuka kidogo aliona mabati ya Lumbanga, mji mzima umejibanza kati ya mlima na ziwa, na barabara ikishuka kona kwa kona juu ya vichwa vya watu.

* * *

"Bwana Haule, tumekwama," alisema kwenye redio.

Haule alikuwa Makambako, kwenye chumba cha waongozaji. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Sekela alimheshimu kwa sababu aliwahi kuwa fundi kabla mgongo haujamgomea.

"Nimeona. Beringi?"

"Imekwisha kabisa. Shangazi kafungua mlango. Haendi."

"Lori jingine haliwezi kukufikia leo. Nyuma yako mlima umeshaporomoka, wanafukua. Labda kesho jioni. Subiri, kuna mtu anataka kusema nawe."

Sauti iliyoingia ilikuwa ya mwanamke, imekauka kwa kusema sana. "Fundi, mimi Dokta Agripina Komba, nipo huku Lumbanga. Hilo lori lenu naliona kutoka hapa nilipo. Taa zake naziona."

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Wagonjwa tumewalaza shuleni, sakafuni, maana hospitali imejaa. Kipindupindu kinamkausha mtu tangu asubuhi, na jioni hayupo. Dripu ya mwisho nimewagawia watoto wawili, huyu nusu na huyu nusu. Mtambo mliobeba unachota maji ya ziwa na kutoa maji safi na dripu. Nikiupata leo, nina watu watakaoiona kesho. Nikiupata kesho jioni..." Hakumaliza. "Hamwezi kuushusha vipande vipande? Nikatuma vijana waje kubeba?"

"Ni chuma kimoja, Dokta. Kinainuliwa kwa winchi."

"Basi fanya unachoweza, mwanangu. Mimi nakutazama."

Haule alirudi hewani. "Sekela, lipige ganzi."

Ganzi ilikuwa swichi nyekundu chini ya kiti. Ukiibonyeza, neva zote zinakufa kwa muda. Lori halisikii kitu, kwa hiyo halina sababu ya kukataa. Sheria iliikataza milimani, lakini si sheria iliyomzuia Sekela.

"Ukimpiga ganzi, hatachechemea," alisema. "Sasa hivi kinacholishika gurudumu lile ni kule kuumia kwake. Kila likibeba uzito anaumia, basi anauhamisha. Anajaza hewa huku, anatoa kule, mara ngapi kwa kila kona sijui. Mimi siwezi kumpangia hayo, na wewe huwezi. Akifa ganzi atakanyaga sawasawa kama mzima. Gurudumu litachomoka kona ya tatu au ya nne, na lori zima linaangukia Lumbanga."

"Na ukimwacha na neva zake, haendi."

"Haendi."

Redio ilikoroma.

"Ipo ile nyingine," Haule alisema taratibu.

"Najua ipo."

"Sikuagizi, Sekela. Nasema tu kwamba ipo."

Ile nyingine ilikuwa kuufunga mlango. Neva zinabaki hai, lori linasikia kila kitu, ila halina tena uwezo wa kukataa. Ilitumika kiwandani tu, wakati wa kujaribu malori mapya, na ufunguo wake walikuwa nao mafundi wakuu kwa ajili ya dharura ambayo hakuna aliyeieleza ni ipi. Sekela aliona ikifanywa mara moja, alipokuwa mafunzoni. Alitoka nje kabla jaribio halijaisha, na mwalimu hakumwita arudi.

Alisimama pale barabarani, ukungu ukimlowesha shingo, akajaribu kuwapima watoto wawili wenye dripu moja na mngurumo ule uliokuwa nyuma yake. Upande mmoja ulikuwa na uhakika. Upande wa pili huenda ulikuwa waya na sauti tu. Akaona kwamba angechagua vilevile hata kama angejua kwa hakika kuwa Shangazi anaumia kama yeye mwenyewe angeumia, na kuona hivyo hakukumpa nafuu yoyote.

Alipanda ndani ya lori, akaketi kwenye kiti ambacho hakuna aliyewahi kukikalia ila mafundi.

"Shangazi. Nataka kufunga mlango."

Mngurumo ulikatika. "Usifunge, Fundi."

"Huko chini kuna watu wanakufa."

"Najua. Mzigo wao ninao mgongoni. Lakini siwezi."

"Unaweza. Ukiumia unajua pa kukanyaga, ndiyo maana ni wewe na si ganzi. Nakuomba."

"Huniombi, Fundi," Shangazi alisema. "Ungekuwa unaniomba, ningeweza kusema hapana."

Sekela alitoa ufunguo wake mfukoni. Aliingiza ufunguo, akauzungusha.

"Umeshafunga?" Haule aliuliza redioni.

"Nimefunga."

"Basi shuka. Litakwenda lenyewe. Shuka uje na pikipiki nyuma."

"Siwezi kumfungia halafu nikae nje, Bwana Haule," Sekela alisema, akajifunga mkanda.

* * *

Lori lilianza kuteremka.

Kona ya kwanza ilikuwa pana na haikuwa na shida. Shangazi aliinama upande wa mlima kama mtu anayebeba ndoo kwa mkono mmoja. Mito ya hewa chini ya chasisi ilijaa na kupwea, ikajaa na kupwea, na kila mara gurudumu bovu lilipogusa shimo mngurumo ulipanda, ukaingia kwenye kiti, kwenye mifupa ya Sekela, kwenye meno.

"Naomba nisimame, Fundi."

"Endelea, Shangazi. Polepole."

"Naomba nisimame."

"Najua. Endelea."

Kona ya pili ilikuwa imeliwa na mvua. Ukingo wa nje ulikuwa umemeguka, na Sekela alipotazama dirishani hakuona barabara, aliona hewa. Shangazi alijibana ukutani mwa mlima hadi kioo cha pembeni kikasagika na kuanguka. Mkia ulifuata. Gurudumu bovu lilipita juu ya ukingo uliomeguka, nusu juu ya udongo na nusu juu ya utupu, na pale Shangazi alipiga kelele. Haikuwa mngurumo tena. Sekela hakuwa amewahi kuisikia sauti ile, na hakuamini kwamba kuna mhandisi aliyeiweka.

Mkono wake ulikuwa juu ya ufunguo. Angeuzungusha tu, mlango ungefunguka, na Shangazi angesimama palepale. Na palepale, juu ya udongo ule mbichi, barabara isingembeba. Alijua hivyo. Mkono wenyewe haukujua, ilibidi aushike kwa mkono wa pili na kuuweka pajani.

"Fundi, naomba. Fundi. Naomba nisimame."

"Nipo hapa," Sekela alisema, akijisikia mjinga. "Sijaenda popote. Nipo hapa."

Moshi ulianza kuingia kwa nyuma. Waliingia kona ya tatu wakiwa wamezungukwa nao, na Sekela akashindwa kuona mbele, akamwachia Shangazi kila kitu. Lori lilikwenda kwa mwendo wa mtu mgonjwa anayetembea akishika kuta. Maombi yalikuja kila baada ya muda mfupi, kwa maneno yaleyale. Sekela alijibu mwanzoni. Kisha akawa anaitikia kwa kichwa tu. Kisha hakuitikia.

Kwenye kona ya nne Shangazi alinyamaza.

Kimya kilikuwa cha ghafla mno, na Sekela akadhani neva zimeungua. Kama neva zimeungua, lori limekufa ganzi, na gurudumu litachomoka. Alifungua kipimo cha maumivu chini ya dashibodi. Mshale ulikuwa umelala mwisho kabisa wa upande mwekundu, ukitetemeka. Neva zilikuwa hai. Na mito ya hewa iliendelea kujaa na kupwea, mguu uliendelea kuchechemea, kila jiwe likikwepwa kwa umakini uleule. Ila sauti haikuwepo.

"Shangazi?"

"Tunaendelea, Fundi," lori lilijibu kwa utulivu.

Sekela alishusha pumzi. Alidhani Shangazi amevumilia. Alidhani, Mungu amsamehe, kwamba amezoea.

* * *

Lumbanga yote iliyoweza kusimama ilikuwa barabarani. Vijana walikimbia mbele ya lori wakiondoa magogo yaliyoletwa na mafuriko, na Shangazi alipita katikati yao, akaingia uwanja wa shule, akasimama mbele ya winchi kana kwamba amefika kwa miguu yake kutoka sokoni.

Mtambo ulishushwa. Dokta Komba, mwanamke mfupi mwenye gauni lililolowa hadi magotini, alimkumbatia Sekela bila kumuuliza jina, kisha akamwachia na kurudi mbio ndani, maana mabomba yalikuwa yakiunganishwa. Baadaye, kupitia dirisha la darasa, Sekela alimwona akining'iniza chupa ya kwanza kwenye msumari uliokuwa wa kutundikia ramani. Akaning'iniza ya pili. Mama mmoja aliyekaa sakafuni alikuwa akiitazama chupa ile ikidondosha tone kwa tone, huku midomo yake ikihesabu au ikisali.

Sekela alikwenda kukaa kwenye ngazi za shule.

Redio iliita. "Sekela!" Haule alikuwa akicheka, jambo ambalo hakuwahi kulisikia. "Umewaokoa watu, mwanamke wewe! Sikiliza. Nina malori manne ya chakula yanakuja, yatafika juu ya mlima kesho. Yakiona barabara ile yatakataa, nayajua. Lakini sasa tumeona kwamba inawezekana. Nikikutumia kibali, unapanda, unafunga mlango kwa kila moja, tunayashusha yote. Na wala si hapo tu. Fikiria mteremko wa Kitonga wakati wa mvua."

"Ngoja kidogo," Sekela alisema.

Aliinuka, akaenda hadi kwa Shangazi. Alitoa ufunguo, akaufungua mlango, kisha akauliza kama fundi yeyote anavyouliza mwisho wa safari.

"Shangazi, unaumia wapi?"

"Siumii, Fundi."

Alizunguka hadi nyuma. Gurudumu lilikuwa limekaa upande, chuma cha katikati kimegeuka bluu kwa joto. Alichota maji kwa kopo, akamwagia. Yalilia na kupaa yote. Alichukua nyundo ndogo, akagonga palepale penye ufa, akichukia anachofanya.

"Na hapa?"

"Hapana, Fundi. Hapaumi."

Alirudi kutazama kipimo. Mshale ulikuwa bado umelala kwenye nyekundu, haukusogea hata kidogo tangu mlimani.

"Umesikia, Bwana Haule?"

Redio aliyoishika ilikuwa wazi muda wote.

"Anaumia kuliko nilivyowahi kuona lori linaumia," Sekela alisema. "Na ananidanganya. Sikumfundisha kuvumilia kule juu. Nimemfundisha kwamba kusema hakusaidii. Kesho malori yako manne yatapita karibu naye, na unajua yanavyofanya yakikutana. Yanapeana yote yaliyojifunza. Keshokutwa utakuwa na malori manne yanayotwambia hayaumii. Mwezi ujao, msafara mzima. Breki zitakuwa zinakatika, na sisi tunaambiwa siumii, Fundi, siumii."

Alimsikia Haule akivuta kiti.

"Mfute kumbukumbu," Haule alisema hatimaye. Hakukuwa na kicheko tena. "Mfute yote ya leo. Aanze upya."

"Nimeshalifikiria hilo."

"Na?"

"Nikimfuta, mimi ndiye nitakayepona, siyo yeye. Na siku nyingine mtu atashika ufunguo akidhani hauna gharama, kwa sababu hakuna atakayekumbuka." Alitazama dirisha la darasa. "Ningefanya tena, Bwana Haule. Kwa watu wale ndani, ningefunga tena. Lakini kwa chakula kinachoweza kusubiri siku mbili, hapana. Sipandi. Mtume mwingine kama unaye."

"Malori yatasubiri juu," Haule alisema. "Tutashusha magunia kwa watu na punda. Kibali sitakitoa." Kisha, kwa sauti ya fundi wa zamani: "Sasa huyu tunamfanyaje?"

"Nakata waya wake wa mawasiliano, asiongee na wenzake. Nabaki naye hapa mpaka atakaponiambia ukweli. Niletee beringi."

"Anaweza asikuambie kamwe."

"Anaweza," Sekela alikubali, akazima redio.

Alipanda juu ya paa la lori, akaukata waya. Aliposhuka, Shangazi alizungumza mwenyewe.

"Fundi. Nikikuambia panapouma, utafanya nini?"

Sekela alifikiria kuapa kwamba hatamfungia tena. Dirishani chupa za dripu zilikuwa zimetundikwa kwenye misumari yote hadi ukuta wa mwisho, na chini ya kila chupa kulikuwa na mtu. Hakuweza kuapa.

Alivuta jeki kutoka kwenye sanduku la zana la lori, akailaza matopeni, akatambaa chini ya ekseli. Akaanza kupampu. Chuma kililalamika, tope likanyonya, na polepole uzito wote ukaanza kutoka kwenye gurudumu bovu na kuingia kwenye jeki, hadi tairi ikaachana na ardhi na kubaki ikining'inia, haijabeba chochote.

Alilala pale chini, uso umejaa grisi, akasubiri. Kwa muda hakukuwa na kitu ila sauti ya mtambo wa maji upande wa pili wa uwanja.

Kisha ndani ya chasisi, karibu na sikio lake, mngurumo ulianza. Ulikuja kidogo, ukakatika kama unaosikiliza, ukaja tena. Ukakua mpaka ukaitikisa ardhi mgongoni mwake, mpaka watu darasani wakageuza vichwa na mtoto mmoja akaanza kulia.

"Hapo," Shangazi alisema. "Hapo, Fundi. Hapo."

"Ndiyo," Sekela alijibu, akashika spana. "Nimesikia."